Mzee wa Jeshi Kwenye Skani ya Mifupa: Mwongozo kwa Anayemsindikiza Kutoka Maneromango

Mzee akishaandikiwa skani ya mifupa, mara nyingi karatasi huanza kwa kukaa. Anatoka nayo hospitali, anaikunja mara nne, anaiweka chini ya redio, na wiki mbili baadaye ndipo mtoto mmoja anaiona akitafuta betri. Kama hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda nyumbani kwenu Maneromango, mwongozo huu ni wako wewe utakayemsindikiza: mtoto, mjukuu, mpwa, au jirani mwenye moyo.

Nawalenga hasa wenye wazee waliolitumikia jeshi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita ya Kagera ilipoanza mwaka 1978 sasa amevuka 65, na huo ndio umri ambao saratani ya tezi dume huonekana kwa wingi. Saratani hiyo ikitoka kwenye tezi hupenda kwenda mifupani: uti wa mgongo, nyonga, mbavu. Ndiyo maana mzee aliyelalamikia mkojo anaishia kupimwa mifupa, jambo ambalo familia nyingi huliona kama daktari amekosea mlango.

Mimi ni daktari wa tiba ya nyuklia. Kwa ninavyoona, kipimo hiki huharibiwa na mambo mawili kuliko ubovu wowote wa mashine: kuchelewa na kunyamaza. Kuchelewa ni kwa wote. Kunyamaza ni ugonjwa wa maaskari zaidi, na msindikizaji ndiye mwenye dawa yake.

Hofu kwanza

Neno nyuklia humfikisha mzee Hiroshima kabla hajafika Kisarawe. Mweleze hivi: hachomwi mionzi kwa mashine kama wanavyotibiwa wagonjwa wengine wa saratani. Anachomwa sindano moja ya mshipa, ndogo tu, yenye dawa iliyounganishwa na teknetiamu, kitu kinachotoa miale ya gama. Dawa hiyo hukimbilia kwenye mifupa, na hujikusanya zaidi pale mfupa unapojikarabati. Baada ya saa 2 hadi 4 mzee analala kwenye kitanda chembamba, na kamera inapokea miale inayotoka mwilini mwake. Kamera yenyewe haitoi mionzi. Hakuna kelele, hakuna maumivu, na hakuna kuingizwa kwenye tundu refu la giza.

Mionzi atakayopata kwa kawaida ni milisivati 4 hadi 5. Mwanadamu wa kawaida hupata wastani wa milisivati 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, hata kama hajawahi kukanyaga hospitali. Ukifanya hesabu, skani moja ni sawa na miaka miwili ya kuishi tu duniani.

Lipo swali ambalo mzee hatakuuliza wewe wala hatamuuliza nesi wa kike: je, nitapoteza nguvu za kiume? Mjibu hata kama hajauliza, na ikiwezekana amjibu mwanamume mwenzake. Skani haigusi jambo hilo. Matibabu ya tezi dume yenyewe yanaweza kuligusa, na hayo ni mazungumzo ya siku nyingine na daktari mwingine. Nywele nazo hazinyonyoki.

Halafu kuna wale majirani watakaomwambia kwamba ukiandikiwa Ocean Road, hospitali ya saratani, umeandikiwa kaburi. Maneno hayo yana mizizi: kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani nchini wamekuwa wakifika hatua za mwisho, na aliyefika hatua ya mwisho hakurudi kuwasimulia wenzake vizuri. Lakini wengi wanaokuja kwa skani hupima na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Majengo ya zamani ya pale ni ya enzi za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Kwa mtu aliyekulia Maneromango, ambako misheni ya Kilutheri iliwekwa na Wajerumani nyakati hizohizo, kuta nene za namna ile hazimtishi.

Mlango gani wa kugonga

Nchi yetu haina hospitali za wapiganaji wastaafu peke yao. Iliyo karibu na wazo hilo ni Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, inayotibu wanajeshi na familia zao na kuwapokea raia pia. Mzee mwenye faili la zamani Lugalo asilitupe. Ndani yake kuna majeraha ya ujana wake, na hayo tutayahitaji. Lakini kwa skani ya nyuklia, mstaafu na raia hukutana kwenye mlango mmoja unaojulikana zaidi: Taasisi ya Saratani Ocean Road, ufukweni mwa bahari, barabara ya Barack Obama.

Marekani wanazo hospitali za wastaafu wa jeshi nchi nzima, na fani yangu inadaiwa na hospitali hizo. Mwaka 1947 mwanafizikia Rosalyn Yalow alianza kazi katika hospitali ya wastaafu ya Bronx, New York, na maabara yake ya kwanza ilikuwa stoo ya mfagiaji. Akiwa na daktari Solomon Berson walitumia chembe za mionzi kupima homoni zilizo kidogo mno katika damu, kitu ambacho hakikuwezekana kabla yao. Hawakuchukua hataza ya ugunduzi wao. Berson alifariki mwaka 1972, na Yalow akapokea Tuzo ya Nobel mwaka 1977. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume ambacho kimemfanya mzee wako aandikiwe skani kilizaliwa na wazo lilelile, ingawa siku hizi maabara nyingi hazihitaji mionzi kukifanya.

Njia ya kawaida kutoka kwenu ni kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya Kisarawe, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi pale Kibaha, au moja kwa moja Dar es Salaam kwa barua ya rufaa. Barua ndiyo kila kitu. Isomeni kabla hamjaondoka dirishani. Iwe na majina matatu ya mzee yanayofanana na ya kitambulisho chake, sababu ya kipimo, na namba ya PSA ya karibuni. Barua iliyoandikwa "maumivu ya mgongo" bila neno jingine hutufanya tupige picha huku hatujui tunatafuta nini.

Hapohapo, kabla ya barua kupigwa muhuri, mwulize daktari swali hili: majibu ya skani yatabadilisha nini katika matibabu ya mzee? Ni swali la heshima na la haki. Mzee ambaye PSA yake iko chini ya 10, kinyama alichokatwa kinaonyesha saratani ya daraja la chini, na hana maumivu ya mifupa, ana nafasi ndogo sana ya kukutwa na kitu mifupani, na miongozo mingi ya tiba haimtaki apimwe. Wapo wanaopelekwa kwa mazoea tu. Ikiwa PSA ni kubwa, au daraja la saratani ni la juu, au mfupa unauma usiku, safari ina maana na msiicheleweshe.

Kuhusu malipo nitakuwa mfupi, kwa kuwa taratibu hubadilika. Kama mzee ana kadi ya bima ya afya ya NHIF, pigeni simu ili mjue kama skani hiyo imo kwenye fungu lake. Kama hana, Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili msamaha; nendeni na barua ya mtendaji wa kijiji moja kwa moja ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, asubuhi, kabla ya kupanga foleni nyingine yoyote. Chama cha wanajeshi wastaafu, MUWAWATA, kina watu wanaozijua njia za Lugalo kuliko mimi. Waulizeni.

Dawa isiyosubiri mtu

Dawa nyingine hukaa rafuni hadi tarehe ya mwisho. Hii yetu inakufa kuanzia dakika inapotengenezwa. Teknetiamu hupungua nusu kila baada ya saa 6. Sindano iliyopimwa saa 2 asubuhi ina nusu ya nguvu ikifika saa 8 mchana, na robo ikifika saa 2 usiku. Hatuwezi kuiweka kwenye friji wala kukutunzia hadi kesho.

Nayo inatoka mbali. Hukamuliwa kila asubuhi kutoka kwenye chombo chenye molibdenamu, ambayo nayo hupungua nusu kila baada ya saa 66. Molibdenamu hutoka kwenye vinu vya nyuklia vichache duniani. Barani Afrika kinu kinachojulikana kwa kazi hiyo ni SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini. Mwaka 2009 na 2010 vinu vya Chalk River, Kanada, na Petten, Uholanzi, vilisimama kwa vipindi virefu na hospitali dunia nzima zikakosa dawa. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya Uviko, mambo yakawa hivyohivyo. Ndege moja tu ikiahirishwa, wiki nzima ya wagonjwa inavurugika.

Yote hayo yanaishia kwenye maagizo mawili. La kwanza: piga simu alasiri ya siku iliyotangulia uulize kama dawa imefika. Usione haya kupiga. Ni afadhali mzee aambiwe akiwa nyumbani kuliko aambiwe akiwa amekaa kwenye benchi baada ya safari ya alfajiri. Chukua namba ya kitengo chenyewe siku mnapopewa miadi, maana ukipiga namba ya jumla utazungushwa.

La pili: msitoke Maneromango asubuhi ya siku ya kipimo. Kutoka kwenu hadi Kisarawe mjini ni zaidi ya kilomita 50, halafu kuna Pugu, Gongo la Mboto na foleni ya barabara ya Nyerere, ambayo haimwogopi mtu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hata bodaboda anayeijua njia hawezi kukuahidi saa. Laleni kwa ndugu Gongo la Mboto, Ukonga au popote upande wa mjini. Mzee wa jeshi atasema ataamka saa 9 usiku kama zamani, na ni kweli ataamka. Gari ndilo litakalomwangusha.

Mkichelewa hata hivyo, pigeni simu mkiwa njiani. Tukijua mnafika saa 5 badala ya saa 3, tunaweza kubadilisha zamu na mgonjwa mwingine. Tusipojua, dozi iliyoandaliwa kwa jina la mzee wako inaendelea kufifia kwenye kisanduku cha madini ya risasi, na hakuna wa kumlaumu.

Ale kama kawaida asubuhi hiyo. Skani ya mifupa haihitaji kufunga, na mgonjwa wa kisukari asiyekula anatuletea dharura tusiyoihitaji. Dawa zake za presha na sukari anywe kama siku zote. Kwenye begi wekeni hivi: barua ya rufaa, majibu ya PSA na ya kinyama, picha zote za eksirei hata za miaka ya nyuma, orodha ya dawa, chupa ya maji ya lita moja na nusu, dawa ya maumivu aliyoizoea, na suruali ya akiba pamoja na kikoi. Suruali nitaieleza baadaye.

Kumfungua mdomo askari

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo pangu pa kila siku.

Raia nikimwuliza anaumwa wapi, hunionyesha sehemu kumi. Mzee wa jeshi hunijibu kwamba yuko fiti. Alifundishwa hivyo akiwa kijana, na mafunzo yale hayakuwa na tarehe ya mwisho. Nikimsalimia shikamoo, anaitikia marahaba kwa sauti ya kwata, anakaa wima, na picha inapotoka ina doa jeusi kwenye paja la kushoto ambalo hakulitaja hata kidogo. Sasa nina doa lisilo na hadithi. Linaweza kuwa saratani. Linaweza kuwa mfupa uliovunjika kwenye mafunzo na kuungwa vibaya. Kamera haijui tofauti. Inaona tu kwamba mfupa hapo unafanya kazi kuliko majirani zake.

Kwa hiyo historia anayonieleza ni nusu ya kipimo. Mwandalie kabla ya siku yenyewe, mkiwa nyumbani, na usimwulize "unaumwa wapi?" Mwulize usiku anageukia upande gani, na kwa nini siku hizi hageukii ule mwingine. Mwulize anavaa kiatu gani kwanza, na kama anakaa kitandani kukivaa. Mwulize lini mara ya mwisho alipanda mkorosho. Maswali ya namna hii hayagusi ushujaa wake, na majibu yake yana thamani kubwa kwetu.

Mkorosho nimeutaja makusudi. Wazee wa Kisarawe hupanda miti mpaka uzeeni, na huanguka. Mbavu zilizopasuka kwa kuanguka huwaka kwenye skani kwa miezi mingi. Mara nyingi huonekana kama madoa madogo yaliyopangana mstari mmoja wima, ubavu baada ya ubavu, kwa kuwa ndivyo mwili ulivyogonga ardhi. Saratani haina nidhamu hiyo: hutawanyika ovyo, au hufuata urefu wa ubavu mmoja. Nikiambiwa "alianguka mwezi wa kumi akiwa shambani," naandika majibu kwa utulivu. Nisipoambiwa, naandika kwamba eneo linatiliwa shaka, na mzee anaingia kwenye mzunguko wa vipimo vingine na usiku mwingi wa kukosa usingizi.

Mengine ya kuandika kwenye karatasi moja na kuja nayo: mifupa yote iliyowahi kuvunjika na mwaka wake, hata wa kukadiria, upasuaji wowote, nyonga au goti la bandia, jino bovu, maana taya lenye usaha nalo huwaka, na magoti na mabega yaliyobeba mizigo kwa miaka ishirini ya jeshi. Na kipande cha chuma. Wapo wazee wanaotembea na vipande vya bomu au risasi mwilini tangu 1979, na wameshavisahau. Kwenye skani yetu chuma hakina madhara. Lakini picha yetu ikiwa na shaka, hatua inayofuata inaweza kuwa MRI, ambayo ni sumaku yenye nguvu sana, na chuma kilicho karibu na jicho au uti wa mgongo kinaweza kusogea. Hili lisemwe mapema, lisemwe kwa kila daktari, hata kama hakuuliza.

Sasa suala la nani aingie naye chumbani. Kama msindikizaji ni mkwe, mwanamume au mwanamke, abaki nje. Mzee hatazungumzia mkojo wake mbele ya mkwe, na hata binti yake wa kuzaa humfanya ajibu nusunusu. Mpeni mtoto wa kiume, mdogo wake, au mwenzake wa zamani wa kikosi. Huyu wa mwisho ndiye bora kuliko wote, kwa sababu anakumbuka majeraha ambayo mwenyewe amechagua kuyasahau, na anaweza kumkatiza akisema uongo.

Baada ya sindano atashangaa jinsi nesi anavyorudi nyuma haraka. Familia nyingi hulitafsiri kama dharau au kinyaa. Si hivyo. Mzee anapata dozi moja. Nesi yuko na dozi za wagonjwa wote, kila siku, mwaka mzima. Kifuani amevaa kifaa kidogo kinachohesabu mionzi inayomfikia, na kiwango cha mfanyakazi kina kikomo, milisivati 20 kwa mwaka kwa wastani. Vitengo kama vyetu husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, na rekodi hizo hukaguliwa. Kinga yetu ni mambo matatu: muda mfupi, umbali mrefu, kizuizi katikati. Askari wa zamani huwa hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kuanzia hapo ni kungoja, maji na choo. Anywe ile chupa yote taratibu, na aende haja ndogo kila anapohisi. Maji huondoa dawa iliyobaki kwenye damu, na picha ya mifupa inatoka safi. Kabla tu ya kulala kwenye kitanda aende tena choo, kwa sababu kibofu kilichojaa huwaka sana na kuziba mifupa ya nyonga, mahali palepale tunapopatafuta.

Hii ndiyo sababu ya suruali ya akiba. Mwenye tezi dume mara nyingi hudondosha, na tone moja la mkojo kwenye suruali lina dawa ya kutosha kuonekana kwenye picha kama doa juu ya mfupa wa nyonga. Nimeona madoa yakitoweka baada ya mgonjwa kubadilisha nguo. Ukishamaliza kumsaidia choo, abadilishe, anawe mikono, avae kikoi kisafi. Mweleze kwa upole kwamba ni kwa ajili ya picha. Mkanda wenye bizimu kubwa, sarafu, funguo na simu vitoke pia, maana chuma hufunika miale na kuacha tundu jeupe.

Picha huchukua kama dakika 30 hadi 45, na anatakiwa atulie. Kama mgongo hauruhusu kulala chali, semeni kabla, ili apewe dawa ya maumivu mapema na mto chini ya magoti. Kutulia hakumshindi askari. Kusema kwamba anaumia ndiko kunakomshinda.

Usiku wa siku hiyo

Anaruhusiwa kurudi nyumbani, kupanda daladala, kula na familia, kulala na mkewe. Kwa saa zilizobaki za siku hiyo asipakate wajukuu wadogo kwa muda mrefu, na kwenye gari asikae amebanana na mama mjamzito. Chooni achuchumae au akae badala ya kusimama, amwage maji ya kutosha, anawe mikono. Choo cha shimo hakina tatizo. Kufikia asubuhi inayofuata nguvu ya dawa imeshapungua mara kumi na sita kwa kufifia tu, mbali na iliyotoka kwa mkojo, na wajukuu wanaweza kurudi mapajani.

Msichanganye haya na masharti ya iodini-131, ambayo huenda jirani yenu mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo aliyapata. Iodini hupungua nusu kwa siku 8, hutolewa kama tiba, na mgonjwa wake hulala peke yake kwa siku kadhaa, huacha kabisa kumnyonyesha mtoto aliyenaye, na huambiwa achelewe kushika mimba kwa miezi. Mzee wa skani ya mifupa hahusiki na masharti hayo. Nimesikia familia zikimtengea mzee sahani na kumhamishia banda la nje kwa mwezi mzima. Mkimfanyia hivyo mtamwumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Kama ana safari ya nje ya nchi ndani ya siku chache, tuombeni barua. Viwanja vya ndege vya nchi nyingine vina vifaa vinavyonusa mionzi, na mzee wa watu anaweza kusimamishwa kando kwa maswali.

Majibu

Msisome picha wenyewe kwa kuishika juani. Figo na kibofu huwaka kwa kila mtu, sindano ilipochomwa huwaka, na viungo vya mzee yeyote vina madoa yake. Kinachosomwa ni ripoti. Ikisema hakuna dalili za saratani mifupani, hiyo ni habari njema lakini haimaanishi tezi imepona. Ikisema kuna eneo la kutiliwa shaka, haijasema saratani: imeomba eksirei au CT ya mahali hapo. Ikisema saratani imesambaa mifupani, bado kuna matibabu ya homoni, ya mionzi na ya maumivu, na wazee wengi huishi nayo kwa miaka. Mtakayempelekea ripoti ni daktari aliyemwandikia. Mimi nasoma kivuli. Yeye ndiye anayemjua mwenye kivuli.

Ombeni nakala ya picha kwenye CD na nakala mbili za ripoti. Moja ikae kwenye faili la kituo cha afya Maneromango, kwa sababu siku mzee akizidiwa usiku ndipo mtakapokimbilia. CD itunzwe kavu. Skani ya pili ikihitajika italinganishwa na hii, na doa lililokuwepo miaka miwili bila kubadilika lina maana tofauti na doa jipya. Naomba tu isiishie kuning'inizwa shambani kufukuza ndege wa mpunga.

Jambo moja halisubiri ripoti, wala miadi, wala Jumatatu. Mzee mwenye saratani ya tezi dume akianza ghafla kuburuta miguu, akahisi ganzi sehemu za kukalia, akashindwa kabisa kukojoa au kuzuia choo, au maumivu ya mgongo yakapanda kwa siku moja mbili mpaka hawezi kulala, huenda uti wa mgongo unabanwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, amelazwa chali, na mkifika semeni kwa sauti maneno haya: "Ana saratani ya tezi dume na miguu imelegea tangu saa fulani." Saa hiyo iandikeni. Akitibiwa akiwa bado anatembea, mara nyingi ataendelea kutembea; miguu ikishalala kabisa, ni vigumu kuirudisha. Na yeye, bila shaka, atawaambia kwamba amechoka tu na kesho atakuwa sawa.